Mahali Mifagio Inapoanzia

Dada yangu alijifungua Jumamosi, na kufikia Jumatatu kila mtu nyumbani alikuwa ameshapewa kazi yake ya siku ya saba isipokuwa mimi. Baba alikuwa anatafuta mbuzi. Shemeji alikuwa amevuka mto Rusizi kwenda Bukavu kufuata mchele na vitenge. Jirani wa upande wa msikiti alikuwa ameleta masufuria mawili makubwa kiasi cha mimi kuweza kujificha ndani. Mimi nilikuwa nimerudi Kamembe kwa likizo, mwaka wangu wa tatu wa biolojia chuoni Huye, na nyumbani walikuwa wamezoea kutonituma popote.

"Ukimutuma chumvi," Baba alipenda kuwaambia wageni, "atauliza kwanza juu ya nini chumvi."

Siku ya saba kwetu mtoto hunyolewa, hupewa jina, mbuzi huchinjwa, na mwisho Bibi huchovya kidole chake cha shahada katika asali akamlambisha. Si asali ya dukani. Ni asali ya mlima alikozaliwa, juu kabisa, kando ya msitu, nayo huifuata mwenyewe. Alimlambisha baba yangu, na wadogo zake, na dada yangu, na mimi, na binamu zangu. Watoto kumi na mmoja. Huyu wa dada, msichana, alikuwa kitukuu chake cha kwanza.

Jumatatu hiyohiyo dada aliniita chumbani, akaniambia nifunge mlango.

"Nesi amesema mtoto asionjeshwe asali mpaka atimize mwaka. Ni kweli?"

Nilimwambia ni kweli. Asali yaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo la mtu mzima huvimaliza, lakini tumbo la kichanga bado halijajifunza. Si mara nyingi, lakini ikitokea ni ugonjwa mbaya.

"Basi mtu amwambie Bibi."

"Mwambie wewe. Wewe ndiye mama yake."

"Mimi niko na kidonda," alisema dada, akavuta shuka hadi kidevuni. "Weye njo unabishanaka na batu bote. Enda ubishane na ye."

Ilikuwa kweli kwamba nilibishana na watu wote. Nilikuwa nimebishana na mwalimu wa dini, na padri mmoja ndani ya basi, na profesa wangu wa jenetiki, na muuza miwani aliyesema miwani yake inatibu kichwa. Lakini Bibi alinilea. Ni vigumu kubishana na mtu aliyekufundisha kufuta pua.

Jumatano asubuhi alipokuwa anafunga kanga yake ya pili kwa ajili ya baridi ya juu, nilisema nitakwenda naye.

"Mlimani? Wewe?"

"Nataka kuona."

"Unataka kuona kama ni kweli," alisema Bibi. "Haya. Vaa viatu."

Nilivaa viatu, nikavaa na jaketi langu zuri. Lilikuwa limetundikwa katika chumba cha mzazi tangu Jumapili, na tangu Jumapili wanawake walikuwa wanafukiza udi humo asubuhi na jioni. Shangazi alikuwa amelinyunyizia marashi pia, nadhani kwa ukarimu tu. Nilinukia kama Idi mbili zilizoangukia siku moja. Sikulifikiria jambo hilo hata kidogo. Nilikuwa nafikiria maneno.

Mpango wangu ulikuwa kusema mapema. Ndani ya basi nilifungua kinywa, na Bibi akaanza kunisimulia jinsi mimi nilivyolambishwa: kwamba nilikuwa nalia tangu asubuhi, kwamba nilinyamaza mara kidole kiliponigusa ulimi, kwamba baba yangu alisema, "Tazama, amenyamaza," na kwamba hiyo ilikuwa mara ya mwisho. Alicheka peke yake hadi kwenye kituo. Nisingeweza kumkatiza hapo.

Tuliposhuka nilipanga kusema kwenye mashamba ya chai. Lakini Bibi anajulikana kule. Kila mistari miwili ya chai mwanamke mwenye kikapu mgongoni aliinuka kumsalimu, akauliza habari za uzazi, na Bibi akajibu yote: uzito wa mtoto, saa aliyozaliwa, masikio ya babu yake. Wakati mashamba yanakwisha, wachumaji chai wa mlima mzima walikuwa wanajua kwamba Ijumaa kitukuu atalambishwa. Niliona jambo langu likiongezeka uzito kila tulipopanda.

Baada ya chai kulikuwa na migomba, baada ya migomba mikaratusi, na kwenye mikaratusi tukamkuta kaka yake Bibi anatusubiri. Kwangu ni babu. Ni mzee mwembamba, amevaa koti la suti juu ya sweta mbili, na mkononi alikuwa na chungu kidogo na fundo la nyasi kavu linalofuka moshi. Yeye alibaki Mkristo na mlimani. Bibi alishuka mjini akiwa binti wa miaka kumi na minane, akaolewa na fundi cherehani Mwislamu. Tangu hapo wanataniana.

"Dada wa pilau," alisema. "Magoti yanasemaje?"

"Yanasema yamekuja kukuzika, Kaka, lakini naona bado unatembea."

"Na huyu?"

"Huyu ni wa chuo. Amekuja kukagua nyuki."

"Ah," alisema Babu, akanipa mkono kwa adabu. "Nyuki hawana karatasi, Mademoiselle. Utatusamehe."

Sasa tulikuwa watatu, na sikutaka kumwaibisha Bibi mbele ya kaka yake. Niliahirisha tena. Nitasema huko juu, nikajiambia, kwa utulivu, tukiwa tumekaa.

Mikaratusi ilikwisha ghafla. Mbele yetu mlima ulibadilika rangi. Kuanzia kwenye jiwe moja pana, la kukalia watu watatu, mteremko mzima ulikuwa umefunikwa na kichaka cha aina moja, kinachonifika kiunoni na mahali pengine kunipita kichwa, chenye vijani vyembamba kama sindano na maua madogo kuliko punje ya mtama, ya rangi ya waridi iliyofifia. Bibi huita mimea hiyo mifagio, kwa sababu utotoni mwake ndiyo waliyoikata kufagilia ua. Katika kitabu changu ina jina la Kilatini, lakini nilikuwa nimeiona kwenye picha tu, imebanwa karatasini, kahawia. Sikuwa nimejua kwamba mlima mzima unaweza kuvaa kitu kimoja hivyo.

Nilivuta pumzi nianze kusema. Bibi akaweka kidole mdomoni.

"Kuanzia kwenye jiwe hili," alisema Babu kwa sauti ya chini, "hatusemi. Mpaka asali itoke mzingani na turudi hapahapa."

"Juu ya nini?"

Bibi alimgeukia kaka yake. "Si nilikuambia? Nilisema atauliza akiwa bado hajafunga kinywa."

"Ndivyo alivyofanya baba yetu," alisema Babu. "Na baba yake."

"Lakini kwa sababu gani? Nyuki hawasikii maneno. Wanasikia mtetemo, na miguu yetu inatetemesha ardhi zaidi kuliko..."

Bibi alikuwa ameshaingia kwenye mifagio.

Basi nilipanda kimya. Sidhani kama nilikuwa nimewahi kukaa saa nzima bila kusema tangu nijue kusema. Robo saa ya kwanza niliendelea kubishana ndani kwa ndani. Niliandaa maelezo matatu ya desturi ile, yote mazuri, nikayapinga yote matatu. Kisha nikachoka, na hapakuwa na kitu kingine cha kufanya ila kutazama.

Ardhi ilikuwa laini, inabonyea na kurudi kama godoro jipya. Kuvumwani za kijani kibichi zilining'inia kwenye matawi kama ndevu. Ukungu ulipita kwa vipande, ukafunika, ukafunua, na ulipofunua niliona Ziwa Kivu chini kabisa, mabati ya Bukavu yakimeta kwenye rasi zake, na kusini, mbali, bonde la Muganza likiwa na vumbi jeupe la kiwanda cha saruji. Nilijua malori yalikuwa yakinguruma kule, na kwamba Kamembe mtu alikuwa anagombana na mtu kuhusu mbuzi. Hapa hakuna kilichosikika ila upepo ukichana mifagio. Nilikuwa na furaha, na ilinichukua muda kugundua, maana sikuwa na mtu wa kumwambia.

Nikamwona Bibi pia. Nyumbani Bibi ni sauti: yuko jikoni, yuko uani, anamwita mtu. Hapa alikuwa mgongo mdogo ndani ya kanga mbili. Kila baada ya hatua arobaini hivi alisimama, akainamia tawi la mfagio, akalichunguza maua kwa makini sana. Mara ya tatu nikaelewa. Hakuwa anachunguza maua. Alikuwa anapumzika, na hakutaka tujue. Babu alikuwa anajua. Kila Bibi aliposimama, yeye alikuta kuna jambo la kurekebisha kwenye fundo la moshi.

Kila safari ya namna hii alikuwa anaipanda kwa magoti yale, kwa ajili ya kidole kimoja cha asali. Na mimi nilikuwa nimebeba kinywani neno la kumwambia kwamba asali hiyo haitakiwi.

Mizinga ilikuwa mitano, ya kusukwa kwa mianzi na kukandikwa samadi, imelazwa juu ya nguzo fupi mahali ambapo mifagio inazuia upepo. Babu aliinua mkono tusimame. Akanusa hewa. Akanusa tena, akanigeukia mimi, akakunja uso. Akamwangalia Bibi. Bibi akanisogelea, akanusa bega langu, akafumba macho kama mtu aliyeletewa barua ya mahakama.

Nyuki, kumbe, hawapendi marashi. Hilo nililijua. Lilikuwa katika kitabu, ukurasa huohuo wenye harufu za tahadhari, nami nilikuwa nimelijibu kwenye mtihani.

Yaliyofuata yalifanyika bila neno. Bibi alinivua jaketi. Babu alilichukua kwa vidole viwili, akalipeleka mbali, akalifunika kwa jiwe na majani. Bibi alichuma mifagio, akaisugua viganjani, akanipaka shingoni na nyuma ya masikio kwa nguvu, kama alivyonisugua nikiwa na miaka minne. Kisha akaninusa, akatikisa kichwa, akaninyoshea kidole: kule. Nilikwenda kule. Akanyosha tena: mbali zaidi.

Nilikaa juu ya jiwe nikitetemeka kwa baridi na kumwangalia Babu akipuliza moshi kwenye mzinga. Nyuki walitoka polepole, wazito. Baridi ndiyo inayowalegeza, nikawaza, si ukimya wetu. Na nikafurahi kwamba angalau hoja moja imebaki upande wangu. Hapo ndipo nyuki mmoja, ambaye labda alikuwa mwepesi kuliko wenzake, alipokuja moja kwa moja na kunichoma kwenye mdomo wa juu.

Sikupiga kelele. Nasema hivyo kwa fahari, maana sina fahari nyingine katika siku ile. Nilishika jiwe kwa mikono miwili. Bibi alikuja, akanitazama, akaukwangua mwiba kwa ukucha. Nyuma yake Babu alikuwa amegeukia upande mwingine, na mabega ya koti lake la suti yalikuwa yanatikisika. Bibi naye akabana midomo. Tulicheka hivyo watatu, bila sauti, mpaka machozi.

Babu alitoa masega. Asali ya mifagio ni nyeusi, nzito, haikimbii kidoleni. Bibi alipiga goti kwenye majani, akachagua kipande kimoja kizima kisicho na mtoto wa nyuki hata mmoja, akakigeuza kwenye mwanga, akakiweka chunguni taratibu, kisha akafuta mdomo wa chungu kwa ncha ya kanga yake. Alifuta mara mbili. Ile ya pili ndiyo iliyonishinda.

"Bibi," nilisema, "mtoto hawezi kupewa hii asali."

Mdomo ulikuwa umevimba na maneno yalitoka mapana, lakini yalieleweka. Niliyasema yote: nesi, vijidudu, mwaka mmoja, dada anayeogopa kusema, mimi niliyetumwa. Sauti yangu ilisikika kubwa mno pale. Babu alisimama na fundo la moshi mkononi. Bibi alinitazama nikiongea mpaka nilipomaliza, na hakujibu.

Hakuweza kujibu. Jiwe lilikuwa chini.

Sijawahi kushuka mlima mrefu kama ule. Bibi alitangulia, chungu kifuani, na safari hii hakusimama kutazama ua lolote. Nilimfuata nikiwa na jaketi langu mkononi na mdomo wangu mbele yangu. Nilitaka anigombeze. Nimezoea mtu akisema, nami nikajibu, na jibu likanipa nafasi ya kuuliza. Hapakuwa na nafasi yoyote, mifagio tu.

Tulipofika kwenye jiwe, Bibi alikaa, akaweka chungu mapajani, akavuta pumzi.

"Kwanza," alisema, "umesema mlimani."

"Ndiyo, Bibi."

"Kaka, muntu akisema mlimani kunatokea nini?"

Babu alijikuna kichwa. Aliwaza kwa uaminifu kabisa. "Sijui, Dada. Hakuna aliyewahi kusema."

"Baba alitukataza juu ya nini?"

"Tulikuwa batoto tisa," alisema Babu, "na wote tulimfuata huku kila mara. Mimi nafikiri alikuwa anapumzika."

Bibi alicheka, akajizuia, akanigeukia. Hakuwa anacheka tena.

"Nimelambisha kumi na mmoja. Ni nani alikufa?"

"Hakuna, Bibi. Lakini mtu anaweza kuvuka barabara kuu amefumba macho mara kumi na moja, na..."

"Kwa hiyo niliwavusha nimefumba macho."

Mfano ule ulikuwa mzuri chuoni. Nilitamani kuumeza.

"Hukujua, Bibi. Hakuna aliyejua."

Alipapasa mdomo wa chungu. "Ijumaa imamu ana dua yake," alisema. "Baba yako ana kisu. Kinyozi ana wembe. Dada yako ana mtoto. Mimi niko na kidole hiki. Sasa niambie wewe uliyesoma, siku ya Ijumaa nitakaa wapi?"

Nilitafuta jibu kweli. Babu alitazama mikaratusi.

"Haya," alisema Bibi, akainuka. "Basi litatuacha."

Alikataa nimbebee chungu mpaka barabarani. Basi lilipokuja, na mlango ukawa juu kwa magoti yake, alinikabidhi bila kunitazama. "Shika vizuri. Ukikivunja utakuwa umeshinda." Nilikipakata mpaka Kamembe kama mtoto mchanga.

Alhamisi Bibi hakusema na mtu yeyote juu ya jambo lile. Dada aliniuliza kwa macho, nami nilimjibu kwa mabega. Mdomo wangu ulikuwa umefika puani, na watoto wa jirani walikuja kuutazama kwa zamu.

Ijumaa, baada ya wembe na jina na dua, watu walijibana sebuleni, na Bibi akasema aletewe chungu. Shangazi alikileta. Bibi alikaa kwenye mkeka, mbele ya dada, akachovya kidole. Asali nyeusi ilining'inia pale bila kudondoka. Mtoto alifungua kinywa, kama wanavyofanya wote ukiwakaribia. Dada alinitazama. Mimi nilikuwa nimeinuka nusu, goti moja chini, bila kujua nitafanya nini.

"Fungua kinywa," alisema Bibi.

Dada hakuelewa.

"Wewe, mama yake. Fungua. Maziwa si yanatoka kwako? Itafika tu. Itapita njia ndefu."

Dada alifungua kinywa, akalambishwa kama kichanga, machozi yakimtoka na asali kwenye meno. Watu walitazamana. Bibi akachovya tena, akanigeukia mimi, akanipaka kwenye uvimbe. "Na kwa huyu ni dawa," alisema, na chumba kizima kikacheka, kwa kuwa wote walikuwa wamenyimwa ruhusa ya kuucheka mdomo ule tangu Jumatano.

Mzee mmoja aliuliza kulikoni safari hii mtoto anarukwa. "Nesi wetu amekataza," Bibi alisema, kama kwamba nesi alikuwa amekuja kwake kwanza kushauriana. Jioni nilimsikia uani akiwaeleza wanawake wenzake jambo zima: vijidudu, tumbo ambalo halijajifunza, mwaka mmoja kamili, na asali kupita kwenye maziwa. Hili la mwisho halipiti hivyo, na nilijua. Nilinyamaza, na pale hapakuwa na mlima.

Chungu kilifungwa kitambaa na kuwekwa juu ya kabati, na kila aliyenyosha mkono kukigusa aliitwa kwa jina lake lote. Kilikaa huko mwaka mzima. Mtoto alipotimiza mwaka niliomba ruhusa chuoni nikarudi. Bibi alifungua kitambaa. Asali ilikuwa imeganda, ikabidi achimbe kwa ukucha. Mtoto alikuwa na meno manne. Alionja, akakunja uso wote kuelekea katikati, maana asali ya mifagio ina uchungu kwa nyuma, akaisukuma nje kwa ulimi ikashuka kidevuni.

Hakuna aliyethubutu kucheka. Mtoto akafikiri. Kisha akakamata kile kidole kwa mikono yote miwili, akakirudisha kinywani mwenyewe, akionja safari hii polepole, huku akimkazia Bibi macho.

"Mnaona," alisema Bibi. "Huyu naye haamini mara moja."